Kuzuia tope lisiingie kwenye bwawa la samaki: chujio la kujitengenezea nyumbani

Mvua za Ufipa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo vijito vinavyotiririka kutoka mashambani hubadilika rangi na kuwa vyekundu au kahawia. Mfugaji wa samaki aliyeacha mfereji wake wazi usiku mmoja wa mvua kubwa huamka na kukuta bwawa limekuwa kama uji wa ulezi.

Katika makala haya tunaeleza namna ya kujenga chujio rahisi linalozuia tope, mchanga na takataka kabla maji hayajaingia bwawani. Wafugaji wa koi, wale samaki wa mapambo wenye asili ya Japani, huweka pipa la namna hii kabla ya pampu. Sisi huku tuna mfereji badala ya pampu, lakini kanuni ni ileile: maji yakipunguzwa mwendo, uchafu huzama wenyewe.

Tope lina madhara gani?

Kwanza, linazuia mwanga. Bwawa zuri la sato au perege lina maji ya kijani kwa sababu ya vijimea vidogo vinavyoelea. Vijimea hivyo ni chakula cha samaki, na mchana hutoa hewa ya oksijeni. Bila mwanga vinakufa.

Pili, tope linaganda kwenye matamvua ya samaki na kuwapa shida ya kupumua. Vifaranga ndio wanaoumia zaidi.

Tatu, linajaza bwawa. Bwawa ulilochimba kwa kina cha mita 1 linapungua kina kila msimu, na kuliondoa tope hilo ni kazi ya jembe na toroli.

Kulipima bwawa lako, ingiza mkono majini hadi kwenye kiwiko. Kama huoni kiganja na maji ni ya kijani, ni vijimea. Kama huoni kiganja na maji ni ya kahawia, ni tope.

Jaribio la chupa

Kabla ya kununua chochote, chota maji ya kijito siku ya mvua kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi. Itikise, kisha iache mahali tulivu.

- Kinachozama ndani ya dakika chache ni mchanga. Pipa linatosha kuukamata.
- Kinachozama ndani ya saa kadhaa ni tope laini. Hapo unahitaji shimo la kutulizia maji.
- Kama maji bado ni mekundu kesho yake asubuhi, huo ni udongo wa mfinyanzi. Huwezi kuukamata kwa pipa wala kwa kokoto. Dawa yake ni kufunga mfereji hadi kijito kitakapotakata.

Bwawa linahitaji maji kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Chukua bwawa la mita 10 kwa 15, lenye kina cha mita 1. Linabeba lita 150,000. Likishajaa, unarudishia tu maji yaliyopotea kwa jua na kwa kunywewa na ardhi. Likipungua sentimita 1 kwa siku, unahitaji lita 1,500, yaani ndoo 75 za lita 20. Hiyo ni ndoo moja kila baada ya dakika 19 hivi.

Sasa linganisha na mfereji unaojaza ndoo kwa sekunde 20. Kwa siku unaingiza zaidi ya lita 86,000. Tuseme kila lita ina gramu 1 ya udongo: umeingiza kilo 86 za udongo kwa siku moja, wakati kwa lita 1,500 ungeingiza kilo moja na nusu.

Maji mengi yanayopita pia yanaondoka na vijimea vya kijani na mbolea uliyoweka. Tena yanapoza bwawa. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, na sato hukua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Chini ya nyuzi 20 ukuaji wake unadorora sana. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuchuja ni kupunguza maji yanayoingia.

Kujenga kwa hatua

1. Mfereji wa pembeni. Acha njia ya kupitisha maji ya mafuriko yasifike bwawani kabisa. Mlangoni weka ubao unaoweza kuupandisha na kuushusha.

2. Shimo la kutulizia maji. Chimba shimo la urefu wa mita 3, upana mita 1 na kina mita 1. Maji yaingie upande mmoja na kutokea upande wa pili, juu. Mfereji ukijaza ndoo kwa sekunde 20, maji yanakaa humo dakika 50. Ukiupunguza hadi ndoo moja kwa dakika, yanakaa saa mbili na nusu.

3. Pipa la lita 200. Liweke chini ya usawa wa shimo na juu ya usawa wa bwawa. Bomba la kuingizia lishuke hadi karibu na kitako. Panga matofali machache kitakoni, juu yake weka wavu wa chuma, kisha kokoto kubwa, halafu kokoto ndogo. Maji yanapanda kupitia kokoto na kutokea juu. Kitakoni toboa tundu lenye kizibo la kutolea tope.

4. Wavu wa mwisho. Funga wavu wa dirisha kwenye bomba linaloingia bwawani. Unazuia majani, viluwiluwi na samaki wa porini wasiotakiwa. Chandarua cha kitandani kibaki kitandani.

Angalizo: usitumie pipa lililowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu au magugu, hata kama umeliosha. Mabaki kidogo tu yanaweza kuua samaki wote.

Kulitunza chujio

Msimu wa mvua likague kila siku. Maji yakipungua kwenye bomba la kutokea, fungua kizibo, mwaga maji safi kutoka juu hadi tope litoke, kisha funga. Shimo lizolewe kabla tope halijafika nusu ya kina. Tope hilo ni udongo wa juu wa mashamba, hivyo lirudishe bustanini au kwenye matuta ya ntumba pamoja na majani.

Panda nyasi kwenye kingo za bwawa, maana tope jingine hutoka hapohapo kingoni mvua inapopiga udongo mtupu.

Chujio hili linaondoa tope, haliui vijidudu. Maji yake si ya kunywa bila kuchemshwa.

Kabla ya kuchimba

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na kuchepusha maji ya kijito kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde lenu. Upande wa Ziwa Rukwa ofisi iko Mbeya, upande wa Ziwa Tanganyika iko Kigoma. Anza kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako, na umwoneshe ile chupa ya maji uliyopima.