Arvon na Hoja ya Kipaji

Wapo wenzetu madarasani wanaodai eti mtunzi huzaliwa, hafunzwi. Hebu tuitazame historia. Warsha ya Iowa, Marekani, ilianza 1936 ndani ya chuo kikuu, ikitoa shahada. Huko Devon, Uingereza, mambo yalikuwa mengine: mwaka 1968 washairi John Fairfax na John Moat waliwachukua vijana wa shule, wakakaa nao siku chache wakiandika mashairi. Hapana mtihani, hapana alama. Huo ndio mwanzo wa Arvon.

Ted Hughes aliona mpango huo hauwezekani. Ajabu kidogo, maana yeye mwenyewe alikwisha kuwafundisha watoto utunzi katika redio ya BBC, na 1967 vipindi hivyo vikatoka kitabu. Alipofika usiku wa mwisho kuwasomea vijana wale, akaona walivyobadilika, akageuka mtetezi. 1975 nyumba yake ya Lumb Bank, Yorkshire, ikawa kituo cha Arvon. Kumbe, ndugu msomaji, kipaji cha mtoto alikwisha kukikubali. Alilolitilia shaka, nadhani, ni mshairi na mwanafunzi kuishi pamoja, hadi jikoni. Insha zetu za shule zimepungukiwa hapo hapo: mtoto humwandikia msahihishaji, ambaye mwenyewe aghalabu haandiki.