Kutoka Landrova hadi Bajaji: Nani Humbeba Mwananchi?

Utotoni mwangu hapa Mwanga, miaka ya 1980, gari lilikuwa ni Serikali. Tulizoea safari za mbali kwa treni, kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, na za karibu kwa miguu hadi Ujiji. Hata hivyo, mama yangu alipougua usiku, Landrova ya Serikali ndiyo iliyompeleka Maweni.

Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Baadaye yakamiminika magari yaliyotumika Japani: Hiace ikawa daladala, Noah na Probox zikaingia majumbani. Lakini kwetu gari la familia halilali: asubuhi hupeleka watoto shule, mchana hubeba mawese na dagaa, usiku hukimbiza wagonjwa. Kanuni za mwaka 2010 zikaziruhusu bodaboda na bajaji kubeba abiria.

Landrova ile nayo imekuwa shangingi lenye vioo vyeusi, na kwa nje huwezi kujua kama kuna nafasi ya mgonjwa. Kilichobadilika, basi, si magari tu. Mzigo wa kumsafirisha mwananchi umetoka mabegani mwa Serikali na kutua kwa kaya, ambayo hulipia mafuta, bima na faini. Ni lini tulikubaliana hivyo?