Kwado akiharibu motokari: mambo ya kuangalia, na nani anapashwa kulipa

Kalemie nzima, tangu avenyu Lumumba mpaka ng'ambo ya daraja la Lukuga, kwado inajulikana kwa alama moja: mpira wa zamani umesimamishwa kando ya barabara. Hapo kuna kompresa, kriki moja ao mbili, ufunguo wa msalaba, na vijana wanaongoja kazi. Mpira ukitoboka, mwenye motokari anasimama, kazi inafanywa kwa dakika chache, analipa franga kidogo, anaendelea na safari yake.

Mara nyingi kazi inatoka vizuri. Bila vijana hawa, magari mengi hayangefika Nyunzu, Moba ao Bendera. Lakini kuna siku gari linaondoka kwado na kilema kipya: bulo imekatika, janti imepinda, sahani ya mafuta ya moteri imetoboka. Na kuna kilema ambacho hakionekani pale pale. Kinajionyesha mbali, kwenye barabara ya taifa namba 5, wakati gurudumu linatoka na gari limebeba watu na magunia. Kule hakuna garaji, na aliyefanya kazi amebaki mjini.

Maswali ni mawili: namna gani kutambua kazi mbaya mbele ya kuondoka, na hasara ikisha kutokea, nani anailipa?

Makosa yanayoharibu gari

Kukaza kupita kiasi. Gurudumu linashikwa na bulo, yaani vile vyuma vyenye meno, na ekru zinazofungwa juu yake. Kila gari lina kipimo chake cha kukaza. Kwa Toyota Corolla, kipimo ni nyutoni-mita 103. Kwa lugha ya kawaida, ni kama kuweka uzito wa kilo 35 kwenye ncha ya ufunguo wa sentimita 30. Mtu mzima anaweza kufanya hivyo kwa mikono yake. Lakini kijana mwenye kilo 70 akiingiza bomba la chuma kwenye ufunguo mpaka urefu ufike mita moja, kisha apande juu yake, anakaza karibu mara saba ya kipimo. Bulo inavutika kama kamba. Inaweza kukatika siku hiyo, ao kukatika kiisha wiki mbili. Na mwenye gari akipata pancha njiani, hataweza kufungua ekru hizo kwa ufunguo wake mwenyewe.

Kukaza upande mmoja. Ekru zinapashwa kufungwa kwa kuvuka, moja hapa, ingine ngambo yake, kidogo kidogo, gurudumu likae sawa. Kijana akizunguka kama saa na kumaliza kila ekru kwa mara moja, gurudumu linaweza kukaa kombo. Kwenye gari lenye freni za diske, diske inaweza kupinda, na usukani unatikisika kila mara shofere anapokanyaga freni.

Kuacha uchafu. Kutu, udongo ao mchanga ukibaki katikati ya janti na chuma inapokaa, ekru zinaonekana zimekazwa vizuri, kumbe zimekaza juu ya uchafu. Gari likitembea kilometa chache kwenye barabara yenye mikunjo, uchafu unasagika, nafasi inafunguka, ekru zinalegea. Mafuta ao grisi kwenye meno ya bulo nayo ni mbaya: yanafanya ekru iingie kupita kipimo bila mfungaji kusikia.

Kugeuza ekru. Ekru nyingi zina upande mmoja uliochongoka. Upande huo ndio unaingia kwenye tundu la janti. Ikifungwa kinyume, inashika eneo dogo sana, na itaachia.

Kriki mahali pabaya. Kila gari lina sehemu maalumu za kuweka kriki, chini ya ubavu ao kwenye shasi. Kriki ikiwekwa chini ya moteri, inaweza kutoboa sahani ya mafuta, ile inaitwa karteri. Shofere asipoona mafuta yanavuja, moteri itakufa njiani. Na gari likinyanyuliwa bila jiwe ao gogo la kuzuia magurudumu mengine, linaweza kuanguka na kuponda mkono wa kijana.

Nyundo na vyuma. Mpira ukitolewa kwa kupigwa nyundo hovyo, ukingo wake unaochapana na janti unakatika. Kiisha hapo upepo utatoka polepole, hata kiraka kikiwa kizuri. Janti ya aluminyumu inapasuka kwa urahisi kuliko ya chuma.

Upepo bila kipimo. Kwado wengi wanapiga mpira kwa kiatu na kusema, "Iko bien, Papa." Kiatu hakipimi. Kipimo cha kila gari kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya mlango wa shofere, na kinapimwa mpira ukiwa baridi. Kile watu wanaita "kilo moja" ya upepo ni karibu sawa na bar moja, ao PSI 14,5. Upepo mdogo unachemsha mpira mpaka upasuke. Upepo mwingi unafanya mpira ushike barabara kidogo tu.

Kwa wenye moto kuna hatari yao. Kwenye moto nyingi, freni ya nyuma ina fimbo ya chuma inayoishika isizunguke. Kijana akisahau kurudisha fimbo hiyo, siku ya kukanyaga freni gurudumu linaweza kujifunga ghafla. Mnyororo nao uangaliwe kama gurudumu limekaa katikati.

Kwa malori, janti zenye duara la chuma linalotolewa ndizo zinaua. Duara lisipoingia vizuri, linaruka kama risasi wakati wa kujaza upepo. Gurudumu hilo lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, ao angalau lifungwe kwa mnyororo mzito, na mtu yeyote asisimame mbele yake. Chupa ya oksijeni ya wachomeleaji isitumiwe hata kidogo kujaza mpira: inaweza kulipuka.

Dakika tano mbele ya kuondoka

Hasara nyingi zinaweza kuzuiliwa pale pale. Mwenye gari asiende kunywa chai na kuacha mtoto wa kwado peke yake. Afanye hivi:

1. Kabla kazi haijaanza, azunguke gari pamoja na fundi, apige picha ya magurudumu na janti kwa simu. Picha hiyo itasema baadaye kama mkwaruzo ulikuwako ao hapana.
2. Aonyeshe mwenyewe mahali pa kuweka kriki.
3. Aombe bulo zipanguswe kwa kitambaa kikavu, na sehemu ya janti isafishwe kwa brosi ya chuma.
4. Ekru zianze kufungwa kwa mkono. Ikikataa mkono tangu mwanzo, meno yameharibika ao imeingia kombo. Isilazimishwe kwa ufunguo.
5. Kukaza kwa mwisho kufanywe gari likiwa chini, kwa kuvuka, bila bomba la kurefusha ufunguo.
6. Ahesabu ekru. Nne ni nne, tano ni tano. Neno "hii moja itaenda tu" lisikubaliwe.
7. Apime upepo kwa manometa, kisha apake mate ao sabuni kwenye valvu aone kama inatoa povu.

Kiisha kilometa 50 mpaka 100, asimame akaze tena. Kwa anayeenda Nyunzu ao Bendera, hiyo ni kusimama mara moja njiani, na ufunguo uwe ndani ya gari. Akisikia mlio wa tok-tok unaoongezeka kwa mwendo, ao usukani ukianza kucheza, asingoje kufika kijijini. Asimame pale pale.

Hasara ikitokea

Jambo la kwanza ni kutoendesha tena. Shofere anayejua kwamba bulo mbili zimekatika na bado anaendelea anaongeza hasara, na hiyo nyongeza itakuwa yake.

Jambo la pili ni ushahidi. Apige picha za kilichoharibika, za kwado na za vyombo vilivyotumika. Ekru ao bulo iliyokatika isitupwe, iwekwe ndani ya mfuko. Achukue majina na namba za watu wawili walioona. Kama alilipa kwa simu, ujumbe wa malipo unaonyesha siku na saa. Kama alilipa mkononi, aombe karatasi ndogo yenye tarehe, kazi iliyofanywa na bei. Kwado wengi hawana faktire, lakini karatasi ya daftari yenye sahihi inatosha kuanza mazungumzo.

Jambo la tatu, fundi mwingine wa garaji aangalie gari mbele ya kitu chochote kutengenezwa, aandike sababu na bei ya kutengeneza. Gari likisha kutengenezwa, ni vigumu kuonyesha nani alikosa.

Kisha aende kwa mwenye kwado, si kwa kijana. Azungumze kwa heshima, bila kukusanya watu. Mara nyingi inaishia hapo: mwenye kwado ananunua bulo mpya, ao analipa nusu kwa nusu, ao anatoa kazi ya bure. Wakikubaliana kulipa kidogo kidogo, waandike, wote wawili watie sahihi, na shefu wa kartye ao mzee wa avenyu awe shahidi.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kongo juu ya jambo hili ni ya zamani: ni dekrete ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo watu wa sheria wanaita Kode sivile, kitabu cha tatu. Artikle 258 inasema mtu akimletea mwingine hasara kwa kosa lake, anapashwa kuirekebisha. Artikle 259 inaongeza kwamba uzembe na kukosa uangalifu navyo ni kosa. Kwa hiyo neno "sikufanya kwa makusudi" halifuti deni.

Artikle 260 ndiyo watu wengi hawaijui. Inasema bwana wa kazi anajibu hasara iliyoletwa na wale aliowatuma kazi, na fundi anajibu hasara ya wanafunzi wake wa kazi wakati wako chini ya uangalizi wake. Mwenye kwado akisema, "Ni ule mutoto alifanya, mutafute yeye," sheria haimpi haki. Mtoto huyo alishika ufunguo kwa sababu yeye alimpa.

Lakini anayedai ndiye anapashwa kuonyesha. Ndiyo maana picha na ekru iliyokatika vina bei. Na kama mwenye gari mwenyewe alileta bulo zilizokwisha kuliwa na kutu, ao alipiga kelele "fanya mbio, niko na safari" na kukataa kazi ifanywe vizuri, sehemu ya kosa inaweza kurudi kwake.

Mazungumzo yakishindikana, mlango ni tribinali ya amani, ile watu wanaita Tripaix, kwa madai madogo ya pesa. Mbele ya kwenda, apime: gharama za kesi na siku zitakazopotea zisiwe kubwa kuliko janti moja.

Polisi na kashoo

Wengine wanakimbilia polisi ili kijana afungwe mpaka familia yake ilipe. Janti iliyopinda kwa uzembe ni deni kati ya watu wawili, si kosa la jinai. Kongo iliingia mwaka 1976 katika mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, na artikle ya 11 ya mkataba huo inakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza makubaliano. Na hata kwa mtu anayeshukiwa jinai, artikle 18 ya Katiba inasema kushikiliwa na polisi kusipite saa 48. Zaidi ya hayo, kijana aliye ndani ya kashoo hapati franga ya kulipa bulo.

Mambo yanageuka kama mtu ameumia ao amekufa. Hapo Kode penali, artikle 52 na zinazofuata, inahusu aliyeua ao aliyejeruhi bila kutaka, kwa kukosa uangalifu. Anaweza kuwa kwado. Anaweza pia kuwa shofere aliyesikia gurudumu linagonga na akaendelea. Polisi waitwe, na gari lisiguswe zaidi ya kuokoa watu.

Juu ya bima, wengi wanadanganyika. Bima ya lazima inalipa watu wengine ambao gari limewaletea hasara. Hailipi janti, bulo wala moteri ya mwenye gari. Tangu sheria ya mwaka 2015 kufungua soko, SONAS si shirika peke yake tena, na bima pana zaidi zinaweza kuulizwa, lakini mtu asome karatasi mbele ya kutia sahihi.

Kwa upande wa kwado wenyewe, vyombo vitatu vinapunguza ugomvi mwingi: manometa inayofanya kazi, brosi ya chuma, na ufunguo wa kupima kukaza. Huu wa tatu ndio wa bei kubwa, lakini kwado wawili ao watatu wa avenyu moja wanaweza kuununua pamoja. Asiyekuwa nao atumie ufunguo wa kawaida na nguvu ya mikono yake, na bomba la kurefusha alibakize kwa kufungua ekru zilizogoma, si kwa kufunga.