Askari Baba, Askari Mwana

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: urithi, mshahara, deni.

Sote tunajua kwamba kazi hurithiwa. Mwana wa mvuvi hushika nyavu, na mwana wa mhunzi hushika nyundo. Je, bunduki nayo hurithiwa? Leo tutasikia habari za baba na mwanawe, wote wawili askari.

Tuanze na chanzo chake. Mwaka 1888 watu wa pwani ya Tanganyika, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, waliwapiga Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Mwaka 1889 Wadachi walimleta Hermann von Wissmann kupigana na Abushiri. Yeye hakuwa na askari wa kutosha, basi akaenda Cairo, katika nchi ya Misri, akaajiri Wasudani wapata 600. Watu hao walikuwa wamekwisha kutumika katika jeshi la Misri. Wengi walikuja na wake zao na watoto wao. Wakakaa karibu na boma, na watoto wakakua wakisikia tarumbeta kila alfajiri. Mtoto wa namna hiyo aliijua kazi ya baba yake kabla hajafundishwa.

Lakini historia haifichi kitu. Jeshi hilo ndilo lililomshinda Abushiri, na ndilo lililopigana na babu zetu katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907. Kwa baadhi ya watu askari alikuwa jamaa, na kwa wengine alikuwa mtu wa kukimbiwa.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1904, mjini Dar es Salaam, askari mmoja wa Kisudani alipata mtoto wa kiume. Baba huyo alikuwa na cheo cha efendi, yaani cheo kikubwa kwa askari Mwafrika katika jeshi la Wadachi. Mtoto aliitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baadaye alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Mahjub alikuwa na umri wa miaka 10 tu. Hata hivyo aliingia jeshini pamoja na baba yake. Mwezi wa Oktoba 1917 yakatokea mapigano makali huko Mahiwa, katika nchi ya Lindi. Upande wa Waingereza walikuwako askari kutoka Nigeria na askari wa K.A.R., nao pia ni Waafrika. Watu wengi sana walikufa au kuumia siku zile. Mahjub alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Alikuwa na miaka 13.

Vita ikaisha mwaka 1918, Wadachi wakashindwa. Lakini mshahara wa baba na wa mwana ulikuwa haujalipwa. Mahjub akafanya kazi katika meli, na mwaka 1929 akafika Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Akaenda serikalini akadai haki yake na ya baba yake. Akajibiwa: umechelewa.

Hakurudi nyumbani. Alikaa Berlin, akatumika hotelini, akaoa, akazaa watoto. Tena alisaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kwa malipo madogo. Mwaka 1934 aliomba nishani ya watu waliopigana vitani, akanyimwa. Mwaka 1939, vita nyingine ilipoanza, alitaka tena kuwa askari wao, akakataliwa.

Wakati huo Ujerumani ilitawaliwa na Hitler, na sheria zake ziliwabagua watu kwa rangi na kwa asili. Mwaka 1941 Mahjub alikamatwa, akishitakiwa kuwa na urafiki na mwanamke Mjerumani. Bila ya kuhukumiwa, alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa huko tarehe 24 Novemba 1944.

Katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi iliwapa malipo askari wazee wa Afrika Mashariki waliokuwa bado hai. Mahjub alikuwa kaburini miaka mingi. Mwaka 2007 kibao kidogo cha shaba chenye jina lake kiliwekwa chini, njiani, mahali alipokuwa akikaa Berlin.

Wanafunzi, tazameni tena ubao. Baba alimwachia mwana urithi wa utii na bunduki. Utumishi ulipokelewa kwa baba, ukapokelewa na kwa mtoto mdogo. Mshahara haukupokelewa na yeyote kati yao. Wazee wetu walisema, dawa ya deni ni kulipa. Wala kibao cha shaba si mshahara.

Sasa zungumzeni darasani:
1. Kwa nini watoto wa askari walifuata kazi ya baba zao?
2. Je, mtoto wa miaka 10 aweza kuchagua kuwa askari?
3. Katika jamaa yako, nani alitumika vitani, na alilipwa nini? Waulizeni wazee, mkaandike majibu yao madaftarini.

Somo letu limekwisha. Kwaherini.