Habari za Injini ya Dizeli ya Daraja la 90

Mwaka huu tumeona yafaa tukumbushane habari za injini iliyobadili kazi ya wazee wetu wengi, yaani injini ya dizeli ya daraja la 90, ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki.

Reli yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Kwa zaidi ya miaka 50 mizigo ilivutwa kwa mvuke. Injini zilizopita zote kwa nguvu zilikuwa Garratt 34 za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester na kuanza kazi mwaka 1955. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Lakini injini ya mvuke haiendi bila maji mengi, na njia yetu yapita katika nyika kavu ya Taru. Tena yataka moto uwashwe saa nyingi kabla ya safari.

Mwaka 1960 zikaletwa injini za daraja la 90, kazi ya kampuni ya English Electric ya Uingereza. Nguvu zake zilikuwa za wastani, yaani nguvu za farasi 1,840. Mtambo wake wa silinda 12 hauzungushi magurudumu wenyewe. Huzungusha jenereta, na umeme wake hupelekwa kwenye mota za magurudumu. Ekseli zake ni nane: sita huvuta, na mbili hubeba uzito tu, kusudi reli nyepesi zisilemewe. Moja peke yake haikuishinda Garratt kwa kuvuta. Lakini injini za jinsi hii zaweza kuungwa mbili na kuongozwa na dereva mmoja.

Hapo ndipo palipokuwa na faida, na hapo ndipo palipokuwa na mashaka. Katika dizeli hamna moto wa kutunza, na kazi ya fayamani, iliyolisha jamaa nyingi, haikuwa na mahali tena. Fundi wa bwela naye alikuta ujuzi wake wa miaka mingi hautakiwi. Hata hivyo badiliko hilo halikuja kwa siku moja, kwa kuwa Garratt ziliendelea kuvuta kati ya Mombasa na Nairobi kwa miaka mingi baadaye. Waliotumia muda huo kujifunza umeme na dizeli walikuwa tayari wakati nafasi zilizoshikwa na Wazungu na Wahindi zilipoanza kupita mikononi mwa Waafrika, hasa baada ya Uhuru wa 1963.

Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na injini zilizobaki Kenya zilijulikana kama daraja la 87. Mwaka 2017 ikafunguliwa njia mpya pana kutoka Mombasa mpaka Nairobi, yenye injini nyingine kabisa.

Basi twawasihi wanachama: mashine mpya haiulizi mtu alifanya kazi miaka mingapi, huuliza anajua nini leo. Fedha tunazochanga kwa ajili ya maziko na ugonjwa ni za lazima; lakini fedha za kumsomesha kijana ufundi zisihesabiwe kuwa za anasa. Na yule mzee ambaye kazi yake imepitwa na wakati asiachwe peke yake, kwa maana ndiye aliyetufikisha hapa.