Kipokezi: maana, umbo na tatizo la «cha binadamu»

Kipokezi (nomino; wingi: vipokezi; ngeli ya KI-VI). 1. Chombo kinachopokea mawimbi au ishara. 2. (baiolojia) Protini iliyo juu ya uso wa seli au ndani yake, ambayo hushikana na kitu maalumu, kama vile homoni, na kuifanya seli iitikie.

Umbo. Neno limetokana na kitenzi *pokea*, kwa shina lile lile linaloonekana katika *mapokezi*. Kiambishi *ki-* hulitenga na *mpokezi* au *mpokeaji*, ambayo ni majina ya mtu. Baadhi ya wafasiri huandika *kipokeo*, lakini neno hilo lina kazi nyingine: katika ushairi ni jina mojawapo la kiitikio. Katika maandishi ya sayansi, *kipokezi* ndilo linalofaa.

Mfano wa matumizi. Juu ya seli nyekundu za damu kuna protini iitwayo basijini. Mwaka 2011 watafiti walibainisha kwamba *Plasmodium falciparum*, kimelea cha malaria kali, hujishika kwenye basijini kwa protini yake iitwayo RH5 kabla ya kuingia ndani ya seli. Basijini ikitengenezwa maabara na kutiwa katika kioevu chenye vimelea na seli, huishika RH5 na kukizuia kimelea kuingia. RH5 nayo ni msingi wa chanjo ya majaribio iliyofanyiwa utafiti Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara, kwa watu wazima na kwa watoto.

Basijini haikuwekwa mwilini kwa ajili ya malaria. Ina kazi zake, na kimelea huitumia tu. Kwa hiyo *kipokezi cha malaria* ni kifupisho kinachopotosha. Afadhali kuandika *kipokezi kinachotumiwa na kimelea cha malaria*.

Tatizo la kiunganifu -a. Katika Kiswahili, *-a* ya uhusiano hubeba maana nyingi, na msomaji huchagua kwa kutegemea anachokijua. *Maziwa ya mbuzi* yametoka kwa mbuzi, lakini *maziwa ya mtoto* ni ya kunywewa na mtoto. *Dawa ya mitishamba* imetengenezwa kwa mitishamba, ilhali *dawa ya mbu* ni ya kuwaua mbu. Hakuna anayekosea hapo, kwa sababu vitu hivyo vinafahamika.

Sasa itazamwe sentensi hii: *Utafiti utatumia protini ya kipokezi cha binadamu.* Msomaji asiyeizoea maabara ana haki ya kuuliza: ni ya binadamu yupi, na ilitolewaje? Mzazi wa Liparamba, kata ya Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma karibu na mpaka wa Msumbiji, akipewa fomu yenye sentensi hiyo, anaitakiwa saini kwa maneno ambayo hayajajibu swali hilo. Afrika Mashariki ina neno la zamani lenye asili ya Kiajemi, *mumiani*, ambalo limekuja kubeba hofu ya watu wanaodaiwa kuwanyonya wengine damu ili itengenezwe dawa. Pale ambapo kiunganifu kinanyamaza, hofu hiyo hupata nafasi ya kusema. Mzazi anayekataa kwa sababu hiyo hajaonyesha ujinga. Amesoma sentensi kama sarufi inavyomruhusu.

Kinachokusudiwa. Protini ya namna hii huitwa *rekombinanti*. Maelekezo ya kuitengeneza, yaani jeni, hunakiliwa na kuingizwa katika seli zinazokuzwa maabara, kama vile bakteria, hamira au seli za wanyama. Seli hizo huyafuata maelekezo na kuitoa protini, kisha husafishwa. Mfano uliozoeleka ni *insulini ya binadamu* inayotumiwa na wagonjwa wa kisukari. Tangu mwaka 1982 aina hiyo imeuzwa ikiwa imetengenezwa na bakteria. Ni ya binadamu kwa muundo, si kwa chimbuko.

Hata hivyo, mfasiri asikimbilie kuandika kwamba hakuna kilichowahi kutoka kwa mtu. Baadhi ya vipokezi hutengenezwa katika seli za ukoo uitwao HEK293, ulioanzishwa mwaka 1973 kutokana na seli za figo za kijusi cha binadamu na kukuzwa maabara tangu wakati huo. Ikiwa ndizo zilizotumika, maelezo yaseme hivyo.

Upatanisho. *Protini ya kipokezi cha binadamu* na *protini ya kipokezi ya binadamu* si sawa. Katika ya kwanza, *cha* hufuata *kipokezi* na kutaja aina yake. Katika ya pili, *ya* hurudi kwa *protini* na kuikaribia zaidi maana ya kitu kilichotolewa kwa mtu. Umbo la kwanza ni bora, ingawa peke yake halitoshi kwa msomaji wa kawaida.

Pendekezo.

– Katika makala ya wataalamu: *protini rekombinanti ya kipokezi cha binadamu.*

– Katika fomu ya ridhaa, zahanati au darasani: *protini iliyotengenezwa maabara na bakteria, kwa kufuata muundo wa protini iliyomo katika mwili wa binadamu.* Neno *bakteria* libadilishwe kulingana na seli zilizotumika.

– Kuepukwa: *protini kutoka kwa binadamu*, *kipokezi kilichotolewa katika damu*, isipokuwa kama ndivyo ilivyokuwa.

Tafsiri ya pili ni ndefu zaidi. Urefu huo si kasoro: maneno yaliyoongezwa ndiyo yanayomjibu mzazi kabla hajauliza, na ridhaa yake huanzia hapo.