Saa Ndefu za Kazi na Afya ya Wafanyakazi wa Kibera na Kawangware

Saa za kazi huitwa ndefu zinapopita kiasi ambacho mwili unaweza kustahimili wiki baada ya wiki bila kudhurika. Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Nchini Kenya, amri ya jumla ya mishahara imeweka saa 52 kwa wiki ya siku 6, na 60 kwa wanaofanya kazi usiku.

Wanaoathirika

Kutoka mtaa wa Kibera, jijini Nairobi, vibarua wengi huelekea Industrial Area na kwenye mjengo. Kawangware imekaribiana na Lavington, na huko ndiko wanakokwenda akina mama fua, yaya, watunza bustani na walinzi. Mlinzi wa zamu ya saa 12 kwa siku 6 hutimiza saa 72. Akitembea saa moja kwenda na saa moja kurudi ili kuokoa nauli ya matatu, wiki yake hufika saa 84, ingawa hizo 12 za barabarani hazilipwi na yeyote.

Chanzo

Chanzo kikuu ni ujira mdogo. Kibarua hulipwa kwa siku: asipofika, halipwi, na kodi ya nyumba haimsubiri. Langoni kwa kiwanda kuna wengine wanaongoja nafasi yake, kwa hiyo hathubutu kukataa saa za ziada. Yaya anayelala kwa mwajiri hana hata saa ya kutoka kazini.

Madhara

Mwaka 2021, ILO na Shirika la Afya Duniani (WHO) yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Yalikadiria vifo 745,000 duniani kutokana na hali hiyo mwaka 2016.

Usingizi huumia kwanza. Mlinzi wa usiku hulala mchana katika chumba cha mabati kinachochemka jua likipanda, huku muziki wa jirani ukipenya ukutani. Mwili usiopumzika hupandisha shinikizo la damu, na akili huchoka, hasira zikawa karibu. Anayetoka alfajiri na kurudi usiku huipita zahanati imefungwa mara zote mbili, hivyo dawa za presha au kisukari hukatizwa. Watoto wake hushinda kwenye beibi kea na humwona akiwa hoi. Kazini kwenyewe, uchovu huzaa ajali mashineni na juu ya jukwaa la mjengo.

Sheria na utekelezaji

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa walau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na mara mbili siku za mapumziko na sikukuu. Ulinzi una amri yake ya 1998, yenye wiki ya saa 52. Kwa hiyo mlinzi wa saa 72 anadai saa 20 za ziada kila wiki.

Haki hizo hupotea pasipo mkataba wala kumbukumbu. Kupunguza saa bila kuongeza ujira nako humsukuma mtu kutafuta kibarua cha pili. Mambo haya mawili lazima yaende pamoja, na serikali ipeleke wakaguzi wa kazi mahali ambapo vibarua huajiriwa.

Nawe mfanyakazi, andika kila siku saa ya kuingia na ya kutoka. Wa majumbani na hotelini wana chama chao, KUDHEIHA; wengine waende kwa afisa wa leba. Usichelewe: madai ya kazi hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3.